Gari Lisilonasa

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kurasini ananiuliza swali lilelile: lile gari lako la kuvuta nne lilikuwaje njiani? Wawili wanataka kununua na wanasubiri ushauri wangu kabla ya kwenda yadi. Habari za mama huulizwa baadaye, za gari zikishaisha. Siwalaumu, maana hata mimi nilianza na gari. Lakini nimechoka kusimulia vipande vipande kibarazani, huku mmoja akinikatiza kuuliza bei ya matairi. Nimekaa chini nimeandika yote. Atakayetaka ushauri asome mpaka mwisho, kisha aniache.

YADI YA MAGARI, DAR ES SALAAM

Barua ya mdogo wangu Luhende ililetwa kwa mkono na abiria wa basi, siku ya Alhamisi. Mama alijikata unyayo kwa jembe wiki tatu nyuma, kidonda kikaoza, na sasa uvimbe umefika gotini na homa haishuki. Daktari wa zahanati ya Migato amesema hana dawa ya kidonda kile, apelekwe hospitali Bariadi bila kuchelewa. Zamani, Luhende aliandika, lori la ushirika lingepita kijijini kwetu Zagayu na lingembeba. Sasa ushirika umekufa, maghala yana kufuli, na hawa wanunuzi binafsi wa pamba huonekana kiangazi tu, wakishapakia hawamjui mtu. Mvua zimejaa. Kwa hiyo Jumatatu angemlaza mama kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kumpeleka mwenyewe.

Neno mkokoteni lilinichoma. Mimi karani wa bandarini, miaka kumi na minne mjini, na mama yangu apelekwe hospitali kama robota la pamba! Nilimwona akivuka njia panda ya Bariadi, watu wakimtazama na kuuliza, huyu hana mtoto? Na ilikuwa hivi, nilikuwa mbioni kununua gari. Mnaikumbuka miaka ile milango ilipofunguliwa, kila kitu ruksa, meli zinashusha magari yaliyokwisha kutumika Japani na kila mwenye senti mbili anaota teksi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa yadi na rafiki yangu Saidi, fundi wa Gerezani. Palikuwa na magari madogo mawili, jina moja, umbo moja, yote meupe. Tofauti ilikuwa chini. Moja lilikuwa la kusukuma nyuma, yaani nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, kama teksi zote tulizozizoea. La pili lilikuwa fowili, la kuvuta nne, ingawa kwa macho ni gari dogo tu la kwenda harusini.

"Chukua hili la nyuma," Saidi alisema. "Likiharibika Singida, fundi wa Singida analijua. Lile la nne lina difu la kugawa nguvu mbele, difu nyuma na jingine tumboni. Nani atakufungulia?"

"Saidi, wewe hujaiona mbuga."

"Ya wanyama?"

"Ya udongo. Udongo mweusi, ukilowa unakuwa gundi. Kutoka barabara kuu mpaka kwetu ni mbuga tupu. Gari la kusukuma nyuma litasukuma mpaka lizikwe."

Akalizunguka lile la nne, akalala chini yake, akatoka na vumbi mgongoni. "Haya. Mama ni mama. Lakini shika neno langu moja, Bwana Masunga. Matairi yote manne yawe sawasawa, namba moja, uchakavu mmoja. Ukichanganya makubwa na madogo, hili litajitafuna lenyewe kwa ndani. La nyuma halijali. Hili linajali."

Nikamwambia nimesikia. Mchana nikaenda kupeleka tangazo redioni, maana barua isingewahi. Wakati ule redio ndiyo ilikuwa posta ya dharura. Misiba, safari, mitihani, vyote vilitangazwa. Niliandika hivi: "Luhende wa Zagayu, Bariadi, anaarifiwa kwamba asimpandishe mama kwenye mkokoteni. Kaka yake Masunga anakuja na gari lisilonasa. Wamsubiri." Karani wa pale akauliza kama "lisilonasa" haliwezi kukatwa, tangazo lipungue. Nikamjibu libaki, tena lisomwe vizuri.

Likasomwa Jumamosi na Jumapili, jioni, baada ya taarifa ya habari. La Jumamosi nililisikia nikiwa nafunga mzigo, na nakiri nilijisikia mtu.

DAR MPAKA DODOMA

Sina mengi ya kusema juu ya lami. Jumapili nilitoka alfajiri, nikanywa supu Morogoro, nikanyeshewa Gairo, jua halijazama niko Dodoma. Gari lilikuwa kimya, linanukia kiti kipya. Kila nilipowapita wenye teksi za kusukuma nyuma nilikuwa nawaonea huruma, huruma ile ya mtu anayejua kitu ambacho wenzake hawajakijua. Nilipiga hesabu ya siku: Jumatatu Singida, Jumanne Shinyanga, Jumatano nimemchukua mama. Luhende alitaka kumtoa Jumatatu. Siku mbili si kitu, nilijiambia, na atakaa kwenye kiti laini.

DODOMA MPAKA SINGIDA

Lami iliisha, na adabu ikaisha nayo. Kabla ya Manyoni nilikuta foleni ya malori na mabasi, kama thelathini hivi, basi moja limelala ubavu katikati ya njia. Abiria walikuwa wameshuka na vyungu. Kina mama wa vijiji vya karibu walishageuza mkwamo ule kuwa soko, wanauza mahindi ya kuchemsha, chai ya rangi na mayai. Mmoja aliniambia basi lile liko pale tangu Jumamosi, na kwamba akiliombea litoke atakuwa mjinga.

Nikakaa pale muda wa saa tano. Kisha nikachoka, nikateremka pembeni ya barabara, kwenye majani na matope, nikalizunguka basi. Gari lilinguruma, likateleza kidogo upande, likashika, likapanda. Watu walipiga makofi. Sitasahau makofi yale. Mbele kidogo alikuwa amekwama mtu mwenye gari jeupe kama langu, la kusukuma nyuma, magurudumu yake yanazunguka bure na kurusha tope. Alikuwa na mke na mzigo mwingi.

"Kaka, nina kamba. Nivute hatua kumi tu."

"Nina mgonjwa ananisubiri," nikamwambia.

"Hatua kumi, kaka."

Nikapandisha kioo. Nilikuwa na sababu, na sababu yangu ilikuwa ya kweli, lakini sikupandisha kioo kwa sababu hiyo tu. Nilitaka kuliona gari langu likiendelea kwenda.

Nililala Manyoni. Jumanne, kwenye mawe ya kuelekea Singida, tairi la nyuma kushoto likachanika ubavuni. Nikafunga la akiba. Mwendo wa saa moja hivi, la nyuma kulia nalo likachanika. Nikaketi kwenye jiwe nikatukana, peke yangu, kwa Kisukuma, kwa sauti. Lori lililobeba vitunguu likanibeba na tairi langu mpaka mjini, nikalibandika viraka kama suruali, nikarudi kulifunga. Nilipoingia Singida na gari ilikuwa alasiri, kiraka kinapumua.

SINGIDA

Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Sayi. Alikuwa ameketi kwenye sanduku la bati nje ya banda la matairi ya mtumba, anakula paja la kuku. Basi alilosafiria liliharibika siku tatu nyuma. Aliposikia namuuliza mwenye banda kwa lafudhi yangu, akatupa mfupa akasimama.

"Mwadila, ng'wanone," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mwanawe. "Wewe wa wapi?"

Nikamwambia Zagayu. Akafurahi mpaka akanishika mabega. Alikuwa dereva wa lori la ushirika miaka ishirini na mbili, amepunguzwa kazi pamoja na wenzake wote, alikwenda Dodoma kufuatilia haki zake na hakuambulia kitu. Zagayu alikuwa akiingia kila msimu wa pamba. Njia zote za mbuga ile alizijua kwa majina ya watu waliokwamia. Nikamwambia apande, twende wote, na moyo wangu ukatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu Dodoma.

Mwenye banda hakuwa na tairi la namba yangu. Alikuwa na mawili tu yanayoingia kwenye rimu zangu, marefu zaidi, yenye meno mazito. Mzee Sayi akayapigapiga kwa kiganja.

"Haya ndiyo yenyewe. Funga yote mawili nyuma. Gari litainuka. Sisi kule tunainua magari nyuma, tumbo lisikwaruze tope. Hili lako limekaa chini mno, mbugani litalala kwa tumbo kama kondoo mgonjwa."

Naandika ukweli: niliyasikia maneno ya Saidi wakati ule, neno kwa neno. Namba moja, uchakavu mmoja. Nikamwambia Mzee Sayi kwamba fundi wa Dar alinikataza. Akacheka kwa upole.

"Fundi wa Dar anaijua mbuga?"

Hakuijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemcheka kwa hilo. Na kwetu kila mtu anainua gari. Sikuwahi kuona teksi ya Bariadi ambayo haijainuliwa makalio. Yangekuwepo manne ningefunga manne, lakini yalikuwepo mawili. Nikasema funga. Gari likainama mbele na kuinuka nyuma, nikalitazama kwa mbali, nikaona limekuwa la kwetu.

SEKENKE, IGUNGA, NZEGA

Jumatano tulianza vizuri. Kuteremka mlima wa Sekenke nilihisi kitu kwenye kona: gari lilikuwa linajikaza, linasita, kisha linajiachia kwa kishindo kidogo. Mzee Sayi akasema ni matairi mageni, yanazoea. Pale Igunga tulikula ugali na samaki wa kukaushwa, nikasikia harufu. Nilidhani ni ya samaki. Tulipoondoka harufu ikaondoka na sisi.

Barabara ya kuelekea Nzega ilikuwa maji pande zote na malori yamekwama. Gari lilipita, lakini halikupita kwa raha, lilikuwa linalia kwa chini, mlio mwembamba usiokoma. Mzee Sayi akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Nadhani alikuwa anaufunika.

Nzega, kwenye mgahawa, mama aliyetuletea chai alisikia tunazungumza Kisukuma habari za mama na gari, akaniangalia usoni.

"Si wewe wa redio? Masunga? Gari lisilonasa?"

Nikasema ni mimi. Akaita wenzake jikoni. Walitoka wakalizunguka gari, wakaligusa, mmoja akaniombea mama apone, na chai hatukulipa. Nilijisikia vizuri, nilijisikia vizuri sana, na gari lilikuwa linadondosha mafuta meusi mbele ya miguu yao.

SHINYANGA

Alhamisi saa nne, kilomita chache kabla ya mji, palitokea mlio wa chuma kuvunja chuma, kisha gari halikwenda mbele wala nyuma. Tulivutwa na trekta mpaka gereji moja. Fundi, mtu mnene asiye na haraka, aliingia chini, akatoka, akauliza swali moja tu.

"Nani kakufungia matairi tofauti?"

Mzee Sayi akainamisha uso. Sikumlaumu mzee. Ningemlaumu vipi? Yeye alishauri kwa alichokijua kwenye lori. Mimi nilikuwa nimeambiwa.

Fundi akaeleza kwamba magurudumu makubwa na madogo hayazunguki sawa, na gari la kuvuta nne linalazimisha yaende sawa, kwa hiyo vyuma vya katikati vilipigana kutoka Singida mpaka vikaisha. Vipuri havipo Shinyanga, wala Mwanza. Alichoweza ni kuchomelea vile vya katikati na kutoa propela shafti ya mbele, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele.

"Halafu?"

"Halafu litasukuma nyuma tu. Kama mengine."

Mzee Sayi alicheka, kicheko kifupi cha mtu asiye na la kufanya, kisha akaomba radhi. Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya ukuta. Nilitaka kulia na sikuweza, nikabaki napiga teke tairi bovu lililokuwa hapo.

Kuna jambo hapa nimejiuliza kila siku tangu nirudi. Kwa nini sikupanda basi? Alhamisi hiyohiyo lilikuwepo basi la Bariadi. Mzee Sayi alilisema. "Tuache gari, ng'wanone, tuwahi. Kule tutapata ng'ombe." Nikamjibu kwamba watu wote wameambiwa nakuja na gari. Hilo ndilo nililomjibu. Fundi alisema kazi ni ya nusu siku, ikawa Alhamisi yote na Ijumaa yote, kwa sababu umeme ulikatika na kuchomelea hakuwezekani bila umeme. Ijumaa mchana nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji hiyo, nakunywa chai na maandazi, naangalia nzi.

BARIADI

Tuliondoka Jumamosi, tukapita Maswa kwa matope ya kawaida, tukafika Bariadi jioni. Jumapili asubuhi, kabla ya kuchepuka kwenda kijijini, nilipita hospitali kuwaambia wajiandae. Nilikuwa nimevaa shati safi. Chini ya miti ya hospitali ilikuwa imeegeshwa mikokoteni ya ng'ombe minane au tisa, nira chini, maksai wanakula majani, na juu ya mingine bado yametandikwa magodoro na nyasi.

Nikamweleza muuguzi hali ya mama: kidonda, uvimbe, homa.

"Yuko wapi?"

"Namfuata. Zagayu. Nina gari."

Alichungulia dirishani kwenye gari, kisha akaitazama mikokoteni. "Ameumwa muda wote huo, kwa nini hawajamleta kwa mkokoteni? Wa Zagayu wanaletwa kila siku. Ni mwendo wa siku moja tu na kidogo."

Nikasema nitamleta leo. Muuguzi akaandika jina la mama kwenye daftari lake, akaacha nafasi mbele yake.

MBUGANI

Mzee Sayi alikuwa amefika kwao Bariadi na angeweza kushuka. Hakushuka. Alisema ataniongoza mpaka mlangoni, kisha arudi kwa miguu. Njia ya kwanza aliyochagua ilikuwa nzuri, ya changarawe. Kisha changarawe ikaisha na mbuga ikawa mbele yetu, nyeusi, maji yanang'aa kwenye mapito ya mikokoteni.

Tulikwenda hatua mia mbili, sizidishi. Magurudumu ya nyuma yakaanza kusukuma, yakasukuma, na ilikuwa kama nilivyomwambia Saidi yadini: likasukuma mpaka likazikwa. Makalio yote tuliyoyainua yakazama. Tulikata miti, tukatandika matawi, Mzee Sayi akapiga magoti kwenye tope na miaka yake yote, akichimba kwa sufuria. Saa mbili baadaye lilikuwa limezama zaidi.

Wakaja wanaume sita kutoka upande wa kijijini, na maksai wanne. Tukaulizana hali kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola."

Aliyetangulia akaliangalia gari, akaniangalia mimi. "Ni yule wa redio!" alisema, na wenzake wakaanza kucheka. "Gari lisilonasa!" Nami nikacheka, kwa aibu, nikijua nastahili. Kisha mmoja wao, mtu mzima niliyemfahamu kwa sura, akamshika mwenzake mkono. Kicheko kikakatika ghafla. Wote sita wakatazama chini. Nikaona kwamba vichwa vyao vyote vimenyolewa, upya, ngozi bado nyeupe.

Nikauliza mama yuko vipi.

"Twende nyumbani," yule mtu mzima alisema.

"Mama yuko vipi?"

"Twende nyumbani, Masunga. Habari zinasemwa nyumbani."

Kwetu habari kama hiyo haisemwi njiani. Nilijua. Nikaanza kutembea kwa miguu, nikiacha gari na kila kitu, lakini wakanizuia. Wakafunga maksai wanne, mmoja akakimbia akaleta wengine wawili. Walisema gari lazima lifike. Nikawapigia kelele kwamba sitaki gari, liachwe lioze. Yule mtu mzima akanisogelea akasema taratibu: "Si sisi. Ni yeye alisema gari lifike."

Kwa hiyo niliingia Zagayu nikiwa nimeshika usukani wa gari lililozimwa, maksai sita mbele, Mzee Sayi akitembea pembeni ameshika kofia yake mkononi. Watu walitoka kwenye miji yao, maana kwetu boma huitwa mji, kutazama. Hakuna aliyecheka tena.

ZAGAYU

Mji wetu umezungushiwa ua wa minyaa alioupanda baba kabla sijazaliwa. Mlango wake ni mwembamba, wa watu na ng'ombe. Siku ile uani palikuwa na pengo pana, minyaa imekatwa chini kabisa, mashina yamekauka utomvu. Maksai wakapita hapo bila kugusa upande wowote. Ndani palikuwa na watu wameketi chini, na kushoto, karibu na kaburi la baba, udongo mpya.

Luhende alinijia. Hakunikumbatia. Alisimama mbali kidogo, amekonda, akanieleza yote kwa mpango, kama mtu aliyeyarudia mara nyingi moyoni.

Walisikia tangazo Jumamosi, dukani. Kijiji kizima kilisikia, watu wakaja kumpongeza mama kitandani. Luhende hakuliamini. Jumatatu alfajiri alifunga maksai, akatandika nyasi na blanketi mbili, wakambeba mama wakamlaza juu ya mkokoteni. Alikuwa na nguvu bado, alikuwa anaongea. Mkokoteni ulipoanza kutembea akasema asimamishwe.

"Akasema, nishusheni. Mwanangu amesema nimsubiri. Asije akatoka huko kote na gari akakuta nimeondoka. Nikamwambia, mayu, twende, tutakutana naye Bariadi. Akasema hapana, amesema redioni, watu wote wamesikia, mnataka aonekane mwongo? Tukamshusha."

"Halafu?"

"Halafu akauliza gari litapita wapi. Akawaita majirani wakakata ua. Jumanne akawa anasikiliza. Kila mlio anauliza, ndiye? Jumatano hakujua tena watu. Alikufa Ijumaa mchana, tukamzika jana."

Nilikuwa na chai mkononi, Ijumaa mchana. Nilimwambia Luhende kuhusu matairi. Nilimwambia kuhusu Singida, na umeme wa Shinyanga, na propela. Nilikuwa nasema haraka, na nilisikia jinsi nilivyokuwa nazungumza habari za gari mbele ya kaburi, lakini sikuweza kunyamaza. Aliniacha nimalize. Kisha akanionyesha mkokoteni kwa kidevu. Ulikuwa umesimama palepale alipouacha, nira imelala chini, nyasi zimetandikwa, na alama ya mwili wa mama bado imo kwenye nyasi.

"Ulikuwa tayari," alisema.

Nilikaa siku nane. Nami nilinyolewa. Wakati wa kuondoka shangazi alinipa kikapu cha michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, akasema mama aliwaagiza wanitengee kwa safari ya kurudi. Niliondoka kwa miguu mpaka barabara kuu, kisha basi. Mzee Sayi alinisindikiza mpaka stendi ya Bariadi, akawa ananisafisha bega kwa kiganja, mahali pasipo na vumbi. Gari liko kule. Luhende aliniuliza kama aupande tena ule ua. Nikamwambia afanye atakavyo, naye akasema basi atauacha mpaka nije nilitoe gari langu, maana haliwezi kutokea mlangoni.

Sasa, ninyi mnaoniuliza lipi ni bora. Saidi alikuwa sahihi kuhusu matairi, na mimi nilikuwa sahihi kuhusu mbuga, mnaweza kwenda yadi na hayo mawili. Mimi sina tena la kushauri. Jumatatu ile alfajiri kwetu palikuwa na chombo kimoja ambacho kingemfikisha mama hospitali akiwa bado anaongea, nacho kilikuwa kimeshaanza kutembea. Niliyekisimamisha ni mimi, kutoka Dar es Salaam, redioni, kwa jina langu mwenyewe.